Bomba la faibaglasi linalochoshwa na mzigo wa kujirudia: dalili, chanzo na namna ya kulitengeneza

Kesi inayoletwa mara nyingi kuliko zote huwa hivi. Bomba lilifungwa vizuri, likajazwa maji, likapimwa kwa presha mara 1.5 ya presha ya kazi, likapita bila tone. Miaka inapita. Siku moja ukuta wake unaanza kutoa jasho. Fundi anasugua, anabandika matabaka mapya ya nyuzi na resini, jasho linakauka. Haupiti muda mrefu, linatokea nusu mita pembeni. Anabandika tena, linahama tena.

Mara nyingi kiraka chenyewe hakina kosa. Tatizo ni kwamba kile kinacholipiga bomba bado kipo, na hakuna aliyekwenda kukitafuta. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, swali la kwanza ni hili: ni mzigo gani unaojirudia, na unajirudia mara ngapi?

Maelezo haya yanahusu mabomba ya nyuzi za kioo yaliyoshikwa na resini ya poliesta, vinaili esta au epoksi. Ya nyuzi za kaboni huvumilia zaidi, ila utafutaji wa chanzo ni ule ule.

Kinachotokea ndani ya ukuta

Chuma kikichoka huota ufa mmoja unaokua mpaka kinakatika. Faibaglasi huchakaa kama kamba, uzi baada ya uzi. Mwanzo resini iliyo kati ya nyuzi hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyufa zikiongezeka, matabaka huanza kuachana. Nyuzi zenyewe hukatika mwishoni. Katika safari hiyo bomba hupoteza ukakamavu wake mapema, kabla nguvu ya kuhimili mpasuko haijashuka sana. Nyufa za resini zikishaungana kutoka ndani hadi nje, maji yanapata njia ingawa nyuzi bado zinabeba mzigo. Ndiyo sababu bomba hutoa jasho kwa presha iliyo chini kabisa ya ile inayoweza kulipasua.

Wahandisi wana kanuni ya kukadiria kwa nyuzi za kioo zinazovutwa na kuachiwa: kila idadi ya mizunguko inapozidishwa mara 10, mkazo unaoweza kuhimiliwa hushuka kwa takriban asilimia 10 ya nguvu ya awali. Katika mizunguko 1,000,000 umebaki na karibu asilimia 40. Hiyo ni kwa nyuzi kukatika. Resini huanza kupasuka mapema zaidi. Jaribio la presha la siku ya kukabidhi mradi linakuambia bomba lilivyo siku hiyo tu.

Soma pia karatasi ya mtengenezaji uone bomba limepewa daraja, yaani presha linayoruhusiwa kubeba, kwa njia ipi. Kiwango cha upimaji cha ASTM D2992 kina njia mbili. Njia A hupandisha na kushusha presha mara 25 kwa dakika, na matokeo yake hunyooshwa kwa makadirio hadi mizunguko milioni 150. Njia B hushikilia presha moja bila kuibadilisha, na matokeo hunyooshwa hadi saa 438,000, yaani miaka 50. Hiyo miaka 50 ni ya presha iliyotulia. Haisemi chochote kuhusu pampu inayowaka na kuzima kila robo saa.

Fanya hesabu hii kabla ya kushika zana yoyote. ISO 14692, kiwango cha kimataifa cha mabomba ya faibaglasi, katika toleo la 2002 iliweka mpaka wa mizunguko 7,000 kwa maisha yote ya bomba. Chini ya hapo mzigo huhesabiwa kuwa umetulia, zaidi ya hapo ni wa kujirudia na usanifu lazima uuzingatie. Pampu inayowaka mara 4 kwa saa, usiku na mchana, huwaka mara 96 kwa siku. Inafika 7,000 siku ya 73. Inayowaka mara mbili tu kwa siku inahitaji zaidi ya miaka 9. Presha inaweza kuwa ile ile na bomba lile lile, lakini maisha ya mabomba hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Dalili ya 1: ukuta unatoa jasho, hakuna ufa unaoonekana

Kabla ya yote hakikisha maji yanatoka ndani. Bomba linalopitisha maji baridi kwenye hewa yenye unyevu hukusanya umande, na watu wameshabandika viraka juu ya umande. Futa eneo hilo likauke kabisa, kisha lizungushie karatasi ya nailoni inayobana, kingo zake uzifunge kwa utepe. Liache kwa saa kadhaa bomba likiwa kazini. Maji yakijikusanya juu ya nailoni, huo ni umande. Yakijikusanya chini yake, kwa matone yanayorudi pale pale kila ukifuta, ukuta unavuja.

Angalia pia jasho linatokea wakati gani. Presha ikishuka nyufa za resini hujifunga, na ukuta ukakauka kabisa. Mkaguzi anayefika pampu imezimwa ataandika kwamba bomba ni zima. Likague likiwa kwenye presha ya juu ya kawaida ya kazi, huku umesimama mbali kwanza, ndipo usogee.

Chanzo cha kwanza, na kinachotokea mara nyingi zaidi, ni presha inayopanda na kushuka mara nyingi. Swichi ya presha ikiwekwa na nafasi ndogo kati ya kuwaka na kuzima, au tangi la presha likipoteza hewa yake, pampu huwaka na kuzima bila kupumzika. Simama karibu na pampu kwa saa moja uhesabu. Kisha pima hewa ya tangi ikiwa limetolewa maji. Ikipimwa likiwa na maji, geji inakupa presha ya maji. Kurekebisha swichi na hewa ya tangi ni kazi ndogo, na mara nyingi hupunguza mizunguko kwa kiasi kikubwa kuliko ukarabati wowote wa bomba.

Cha pili ni kipigo cha zamani: bomba liliangushwa wakati wa kushusha, likagongwa na ndoo ya mashine, au mtu alilikanyaga kwenye mawe. Nje kinaonekana kidoa cheupe kidogo, ndani utando wa resini umepasuka. Mizunguko ya presha humalizia kazi. Jasho la namna hii hubaki mahali pamoja. Jasho la uchovu wa presha hutawanyika kwenye kipande kizima, na likitokea sehemu moja lingine liko njiani.

Kasoro za kiwandani, kama nyuzi zisizolowa resini vizuri au mapovu, zipo, lakini zinalaumiwa kuliko zinavyotokea. Kama bomba limefanya kazi miaka kadhaa kabla ya kutoa jasho, tafuta kwanza kwenye pampu na vali.

Ukiwa na sarafu au kijiti kigumu, gonga ukuta taratibu kuzunguka eneo lenye jasho. Sauti kavu na ya juu ni ya ukuta mzima. Sauti nzito iliyofifia inaashiria matabaka yameachana. Weka alama kwa kalamu ya wino mpaka eneo lote lichoreke. Eneo hilo likizidi ukubwa wa kiganja, au jasho likionekana kwenye vipande viwili vya bomba au zaidi, usibandike. Shusha presha na umwite mhandisi wa mabomba haya. Hapo swali ni kama laini nzima imefika mwisho wa umri wake. Atakayekuja anaweza kutumia vipokea sauti vinavyobandikwa ukutani: faibaglasi iliyochoka huanza kutoa sauti za kupasuka kabla haijafikia mzigo iliowahi kuubeba, na hicho ni kipimo kizuri cha hali ya ndani.

Dalili ya 2: bomba linaruka au kugonga pampu inapowaka au kuzima

Hili ni pigo la maji, na hapa ndipo ningeomba kila msimamizi atumie muda wake mwingi. Mkondo unaposimamishwa ghafla, mwendo wake hugeuka kuwa presha. Nikolai Joukowsky aliandika hesabu yake mwaka 1898: zidisha uzito wa maji kwa ujazo, kasi ya wimbi la presha ndani ya bomba, na kiasi cha mwendo wa maji uliokatishwa. Kwenye faibaglasi wimbi hilo husafiri kwa mita 350 hadi 600 hivi kwa sekunde, chini sana ya chuma. Chukua 450. Maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde yakisimama ghafla, presha inapanda kwa takriban bar 4.5 juu ya ile iliyokuwepo. Ni nafuu kuliko chuma, ila wanaotegemea nafuu hiyo husahau kwamba pigo linarudi kila mara pampu inapozima.

Mwongozo wa M45 wa AWWA, chama cha Marekani cha huduma za maji, unaruhusu presha ya kazi pamoja na pigo ifike mara 1.4 ya daraja la bomba. Ruhusa hiyo ni ya tukio la mara moja moja. Ukiigeuza kuwa sehemu ya kila siku, umeshaitumia vibaya.

Anza na yaliyo rahisi. Vali ya njia moja iliyo mbele ya pampu ikichelewa kujifunga, maji hurudi nyuma kwanza na kuifunga kwa kishindo. Sikiliza, utausikia mlio wa chuma sekunde moja au mbili baada ya pampu kuzima. Vali za hewa kwenye miinuko ya laini zikiziba, hewa inakwama na kuachia kwa ghafla. Zifungue, zisafishe, hakikisha kielea kinacheza. Kisha angalia vali zinazofungwa kwa mkono au mota: zinachukua sekunde ngapi? Wimbi linahitaji muda wa kwenda hadi mwisho wa bomba na kurudi. Kwenye laini ya mita 900 na wimbi la mita 450 kwa sekunde, muda huo ni sekunde 4. Vali ikifungwa ndani ya muda huo, bomba linapata pigo kamili. Ifunge polepole zaidi ya hapo, mara kadhaa.

Yakishindikana hayo, nenda kwenye kuzima pampu kwa kushusha kasi ya mota taratibu, au kufunga tangi la kumeza pigo. Kumbuka umeme ukikatika ghafla, kifaa cha kushusha kasi ya mota hakisaidii, tangi linasaidia.

Usitegemee geji ya mshale kupima pigo. Mshale ni mzito, pigo linapita kabla haujasogea. Unahitaji kinasa presha kinachosoma walau mara 100 kwa sekunde, kikae siku kadhaa kwenye ratiba ya kawaida ya kazi. Kikionyesha presha inashuka chini ya ile ya hewa, acha kurekebisha mwenyewe. Mkondo unaweza kukatika ndani ya bomba na kugongana tena, na ukuta mwembamba unaweza kunyonywa ndani. Hilo linataka hesabu ya mhandisi.

Dalili ya 3: weupe au nyufa kama nyota karibu na saporti, elbo au ti

Weupe ni resini iliyojaa nyufa ndogo. Mahali ulipo panakuambia mzigo unatoka wapi, kwa hiyo piga picha kabla ya kusugua chochote.

Ukiwa pale bomba linapokaa juu ya saporti, tatizo kwa kawaida ni mguso mwembamba: bomba limelala juu ya chuma chenye pembe, au kibano kimekazwa moja kwa moja juu ya ukuta. Kila mtetemo na kila pigo vinagonga mstari ule ule. Tandiko linatakiwa kulikumbatia bomba kwa walau digrii 120 za mzingo wake, na katikati pawe na mpira.

Ukiwa kwenye elbo au ti, fikiria joto. Faibaglasi hutanuka kwa urefu karibu mara mbili ya chuma. Bomba lililonyooka mita 20, joto likipanda kwa digrii 40, hurefuka kama milimita 16. Likibanwa ncha zote mbili, urefu huo unaenda kuikunja elbo, kila siku jua linapochomoza na kila mara maji moto yanapopita. Tazama saporti zinazotakiwa kuruhusu bomba liteleze: kuna alama za msuguano, au zimekazwa zote kwa sababu aliyezifunga aliona bomba linacheza? Kosa hili ni la kawaida sana. Mtu analegeza kibano kimoja cha katikati na bomba linahama lenyewe kwa milimita kadhaa, likitoa mlio. Fanya hivyo tu presha ikiwa imeshushwa, na usilegeze kibano kilichowekwa makusudi kuwa nanga. Kama hujui kipi ni nanga, tafuta mchoro kwanza.

Mzigo wa urefu ni hatari zaidi kwa mabomba haya kuliko unavyodhaniwa. Mengi huzungushiwa nyuzi kwa pembe ya digrii 55 hivi, kwa sababu presha ya ndani kwenye bomba lililozibwa ncha huvuta ukuta kwa mzingo mara mbili ya inavyouvuta kwa urefu. Pembe hiyo inafaa kwa presha. Ukiongeza kupinda na kuvuta kwa urefu kutoka kwenye saporti zilizo mbali mno, vali nzito isiyoshikiliwa au mtetemo wa pampu, ni resini inayobeba, na resini ndiyo inayochoka kwanza.

Ukiona nyuzi zilizokatika zimejitokeza nje, usiendelee na uchunguzi. Ondoa presha.

Dalili ya 4: flanji inavuja, ikikazwa inatulia, kisha inavuja tena

Acha kuikaza. Flanji ya faibaglasi haivumilii kukazwa kama ya chuma, na ufa unaoanzia chini ya shingo yake ndio huo unaoupanua.

Kagua flanji ya upande wa pili. Ikiwa ni ya chuma yenye uso ulioinuka katikati, kila boliti inaikunja ya faibaglasi kama wenzo. Inatakiwa nyuso zote ziwe bapa na gasketi ya mpira ijae uso wote. Halafu tazama kama pampu au vali imening'inia kwenye flanji bila saporti yake. Vikiwa sawa, weka gasketi mpya na ukaze boliti kwa mpangilio wa msalaba, kwa hatua, ukitumia spana ya kupima nguvu na kipimo cha mtengenezaji.

Kwa viungo vya mpira vinavyochomekana chini ya ardhi, tafuta kwanza kwenye kona. Zege la kuzuia msukumo likisogea, kiungo kinavutwa na kurudishwa kila presha inapobadilika. Kiungo cha gundi kinachovuja hakikazwi wala hakijazwi gundi kwa nje. Hukatwa na kuunganishwa upya.

Dalili ya 5: bomba lililofukiwa limebonyea

Bomba hili husimama kwa msaada wa udongo ulio ubavuni mwake. Udongo ukiwa haukushindiliwa, kila gari linalopita linalibonyeza na kuliachia.

Pima kipenyo cha ndani kwa wima na kwa ulalo. Mipaka inayotumika sana ni asilimia 3 mara baada ya kufukia na asilimia 5 kwa muda mrefu. Kwa bomba la milimita 600 hizo ni milimita 18 na 30. Pima tena sehemu zile zile baada ya miezi kadhaa, maana vipimo viwili vinavyoongezeka vinasema zaidi kuliko kipimo kimoja kikubwa. Kama udongo juu ya bomba haufiki mita 1 na magari mazito yanapita, zuia magari kwanza, kisha uliza hesabu. Kurekebisha ni kuchimba, kulitoa udongo pande zote mbili kwa usawa na kushindilia upya. Kulichimbua upande mmoja tu ni kulivunja. Usiingie ndani ya bomba kupima bila kupima hewa, kuwa na mtu nje na ruhusa ya kazi.

Dalili ya 6: limekatika safi, kama limekatwa kwa msumeno

Faibaglasi iliyochoka kwa mizunguko huacha mpasuko wenye manyoya ya nyuzi. Uso laini usio na manyoya una maana nyingine: asidi ilipita kwenye nyufa za utando wa ndani ikala nyuzi za kioo zilizokuwa zimevutwa. Hutokea kwenye mabomba ya kemikali, na kwenye majitaka ambako gesi ya salfaidi ya haidrojeni hugeuka kuwa asidi ya salfa. Mizigo ya kujirudia inaweza kuwa ndiyo iliyofungua nyufa. Aina hii haitoi jasho la kukuonya. Hapa hakuna la kufanya kwa fundi. Funga laini, hifadhi vipande vyote viwili bila kuviosha, na uite mtaalamu. Vipande vya jirani navyo havina uhakika.

Ukishajua chanzo na kiraka kinafaa

Shusha presha, toa maji, kausha. Resini haishiki ukuta wenye unyevu, na jasho likiendelea kutoka chini ya kiraka hakitadumu. Sugua kwa grainda mpaka ung'avu wote uishe, upana wa kutosha pande zote mbili za eneo baya, kingo zikishuka taratibu bila ngazi. Vaa barakoa ya vumbi laini, miwani na mikono mirefu. Tumia resini ya aina ile ile au iliyoidhinishwa na mtengenezaji, tabaka baada ya tabaka, ukitoa mapovu kwa rola.

Ukitumia poliesta au vinaili esta: kigandishi cha peroksaidi na kichapuzi cha kobalti visikutane vyenyewe kamwe, vinaweza kulipuka. Changanya kichapuzi ndani ya resini kwanza kikakolea, kigandishi kifuate. Mvuke wa staireni unashika moto, kwa hiyo hakuna kuchomelea wala kuvuta sigara karibu.

Subiri ukomavu kamili kabla ya presha, kwa saa na joto lililoandikwa kwenye maelekezo. Kipimo cha ugumu cha Barcol kitakuambia kama resini imekomaa, mkono hauwezi. Jaribu kwa maji, ukipandisha kwa hatua. Usijaribu kwa hewa iliyobanwa. Hewa huhifadhi nishati nyingi, na bomba likipasuka vipande vinaruka kama risasi.

Mhandisi akiitwa, atataka kukuta vitu hivi: idadi ya kuwaka kwa pampu kwa siku, rekodi ya presha, joto la juu na la chini, picha za kila dalili na tarehe zake, na karatasi ya daraja la bomba. Bila idadi ya mizunguko hawezi kukupa umri uliobaki. Akikupa namba bila kuiuliza, tafuta mwingine.